Makuti ya Mtende Yaweza Kuendesha Gari? Habari ya Chumvi za Majimaji na Hisabu Zake

Kuna karatasi inazunguka kwenye simu zetu hapa Maskati, na nimesikia imewafikia hata jamaa walioko Dubai na London. Inasema kwamba makuti ya mtende, mabua na takataka za shamba zinaweza kugeuzwa ethanoli ya kuendeshea magari kwa kutumia "kimiminika cha ayoni", na inamwita kila mwenye akiba kidogo aje atie fungu lake mapema. Vijana watatu wa ukoo wetu wameshaniuliza rai yangu. Siwataji wenye karatasi hiyo wala siwahukumu, maana siwajui. Lakini swali lao ni la haki na linastahiki jibu refu kuliko lile la kuandika kwa kidole kwenye simu.

Mimi si mkemia. Nilikuwa karani wa hisabu maisha yangu yote ya kazi, na kemia niliyonayo ni ile ya skuli ya misheni, pamoja na kusoma kwa utuuzima. Kwa hivyo nitaeleza kwanza jambo lenyewe lilivyo, kisha nitalitizama kwa jicho la daftari. Hapo ndipo penye kazi.

Jambo lenyewe si uwongo. Kuti kavu la mtende, ukiliacha unyevu na majivu, sehemu yake kubwa ni sukari iliyofungwa. Mti hutengeneza sukari kwa jua, kisha huiunganisha punje kwa punje, maelfu kwa maelfu, ikawa uzi mrefu uitwao selulosi. Pamba ni selulosi takribani tupu. Uzi mmoja hulala ubavuni mwa mwingine, ukashikana nao kwa vifungo vidogo vidogo visivyohesabika, kama nyuzi za usumba zilivyosokotwa zikawa kamba ya kufungia jahazi. Ndiyo maana ng'ombe hula majani akashiba na sisi hatuwezi: tumboni mwake mna vijidudu vinavyoifumua kamba hiyo, na sisi hatunavyo.

Lakini selulosi haikai peke yake. Mwenye kukumbuka nyumba ya kukandika ataelewa upesi. Fito ndiyo selulosi. Kamba zinazozifunga fito ni kitu kingine cha jamaa ya sukari, huitwa hemiselulosi. Na udongo uliokandikwa juu yake ukashika kila mahali ni lignini, ambayo si sukari kabisa na ndiyo inayoupa mti ugumu wake. Ukitaka fito zako safi, itabidi uubomoe ukuta. Miaka mingi viwanda vimeubomoa kwa asidi, kwa amonia, au kwa mvuke wa shindo kubwa. Njia hizo hufanya kazi, ila huharibu baadhi ya sukari, hula vyuma vya mitambo, na huacha sumu ndogo ndogo zinazoikera hamira inayokuja baadaye.

Sasa tuje kwenye hiyo chumvi. Padri aliyetufunza sayansi alipenda kutuambia kwamba chumvi ya mezani huwezi kuigeuza majimaji kwa moto wa jikoni hata ukichochea kuni mpaka alfajiri, na alisema kweli, kwani hutaka nyuzi joto 801. Sababu ni kwamba chumvi ni mkusanyiko wa chembe za umeme, nusu yake chanya na nusu yake hasi, nazo hushikana kwa nguvu nyingi. Chembe ya namna hiyo huitwa ayoni. Zile za chumvi ya mezani ni ndogo na za mviringo, basi hujipanga barabara kama machungwa ndani ya kapu. Lakini je, ukichukua ayoni kubwa, za pembepembe, zisizo sawa pande zote? Hapo ni kama kujaza kapu kwa mafenesi, mananasi na madafu kwa pamoja. Hazipangiki. Zinabaki zinateleza, na chumvi hiyo huwa majimaji hata bila ya moto mwingi. Wataalamu wameweka mpaka wa nyuzi 100: chumvi yoyote inayoyeyuka chini ya hapo wanaiita kimiminika cha ayoni. Mimi naona "chumvi ya majimaji" ni jina jepesi zaidi, na nitalitumia hilo. Si maji ya chumvi, tafadhali. Ni chumvi tupu, ndiyo yenyewe imekuwa majimaji.

Habari yake ni kongwe kuliko karatasi ile inavyodai. Mkemia Paul Walden alieleza mwaka 1914 chumvi moja iliyokuwa majimaji hata kwenye nyuzi 12 hivi. Mwaka 1934 Charles Graenacher alipata hataza ya Marekani ya kuyeyusha selulosi ndani ya chumvi za namna hii, na watu wakaipita kama isiyo na faida. Ikakaa hivyo mpaka mwaka 2002, Robin Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama walipoonyesha kwamba chumvi fulani ya majimaji inaweza kuyeyusha selulosi kwa uzito wa sehemu 10 kwa mia kwa kupashwa moto tu, na 25 kwa mia ikitiwa ndani ya jiko la maikrowevu. Tangu hapo ndipo maabara za dunia zilipoamka.

Namna inavyofanya ni nzuri kuisikia. Ayoni hasi za chumvi hiyo hupenya baina ya nyuzi za selulosi na kuvishika vile vifungo vidogo kimoja kimoja, mpaka nyuzi zikakosa pa kushikana na kamba yote ikafumuka. Ukuta nao hulainika na lignini ikaachia. Kisha humwagwa maji. Chumvi huyapenda maji kuliko inavyoipenda selulosi, basi huiachia, na selulosi hutuama chini. Lakini haitui kama ilivyokuwa kamba. Inatua ikiwa mafundo laini kama pamba iliyochambuliwa. Maabara ya JBEI ya Emeryville, California, iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa fedha za Wizara ya Nishati ya Marekani, ilitia majani ya nyika ndani ya chumvi hizi, na mwaka 2010 watafiti wake wakaeleza kwamba sehemu 96 kwa mia ya selulosi iligeuka sukari katika saa 24. Kwa asidi hawakufika hata karibu ya hapo kwa muda huo huo.

Kinachogeuza selulosi kuwa sukari si chumvi yenyewe, ni vimeng'enya, na hivi vina kisa ambacho siwezi kukipita. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Marekani waliokuwa Visiwa vya Solomon waliona mahema na nguo zao za pamba zinaoza kwa kasi ya ajabu. Kuvu aliyekuwa akizila alichukuliwa akahifadhiwa katika maabara ya jeshi, kwa nia ya kumzuia. Baadaye ikaonekana kwamba adui yule ni fundi: vimeng'enya vyake vinakata selulosi kuwa sukari vizuri kuliko karibu vyote vilivyojulikana. Akapewa jina la mtafiti Elwyn Reese, akaitwa Trichoderma reesei, na mpaka leo vimeng'enya vingi vya kazi hii vinatoka kwa kizazi chake.

Baada ya hapo mambo ni ya kawaida. Hamira hula sukari ikatoa gesi na spiriti, kama inavyofanya ndani ya unga wa mandazi, ila hapa tunataka spiriti, gesi inakwenda zake. Kisha spiriti hukerekwa kwa moto, ikakaushwa maji yake, ikawa ethanoli ya kuchanganya na petroli.

Kabla sijafungua daftari, niseme kwa nini watu wamehangaika hivi. Marekani hutengeneza ethanoli nyingi sana tayari, lakini ni ya mahindi, na zaidi ya theluthi ya mahindi yao huingia huko. Kwetu pwani tunayajua haya. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Kiswidi, SEKAB, ilipanga kulima miwa ya ethanoli Bagamoyo na Rufiji kwenye maelfu ya hekta, pakawa na mabishano makubwa juu ya ardhi ya wanavijiji. Mradi wa Bagamoyo ukapita kwenye mikono mingine, na mwaka 2016 ukasimama. Mafuta yanayotoka kwenye makuti na mabua hayamnyang'anyi mtu shamba wala sahani. Ndiyo maana hoja hii haifai kuchekwa, hata na sisi tunaokaa kwenye nchi ya visima vya mafuta.

Sasa daftari. Chukua tani moja ya majani makavu, na tuseme ina kilo 400 za selulosi. Ikikatwa yote kuwa sukari, kwa kuwa kila punje hupokea maji kidogo, hupati 400 bali 444. Hamira, hata ikifanya kazi bila ya kosa, hutoa kilo 51 za ethanoli kwa kila kilo 100 za sukari. Zilizobaki huwa gesi. Hizo ni kilo 227 hivi, sawa na lita 287. Kiwandani hakuna kisichopotea, basi tuandike lita 250 kwa tani na tuwe tumewafanyia ukarimu. Na lita ya ethanoli ina nguvu ya kama theluthi mbili ya lita ya petroli.

Kuloweka tani hiyo ya majani unataka, tuseme, tani tano za chumvi ya majimaji. Majaribio mengi ya mwanzo yalitumia zaidi ya hizo kwa mbali. Chumvi hailiwi, hurejeshwa na kutumiwa tena. Swali ni moja tu: unarejesha kiasi gani? Tuseme fundi wako ni hodari, anarejesha 99 kwa mia. Utasema hayo ni maajabu, nani anayelipwa deni lake 99 kwa mia? Lakini moja kwa mia ya tani tano ni kilo 50. Kama chumvi hiyo ni ya dola 20 kwa kilo, na zile za imidazoli zilizoleta matokeo mazuri ya mwanzo zikinunuliwa kwa wauza kemikali za maabara huuzwa ghali zaidi, basi umepoteza dola 1,000 kwa kila tani ya majani. Gawa kwa lita 250. Ni dola 4 kwa kila lita, na hujalipa mfanyakazi, vimeng'enya, kuni wala kodi. Ethanoli ya mahindi kwa bei ya jumla kule Marekani haijazoea kufika hata dola moja kwa lita.

Nimeirudia hisabu hiyo mara kadhaa kwa sababu ilinishtua. Hasara iliyoonekana ndogo hata mkaguzi angeipita ndiyo inayoangusha nyumba nzima.

Na kurejesha kwenyewe kuna mtego mwingine. Sifa kubwa ya chumvi hizi, wanayoitaja wote, ni kwamba hazigeuki mvuke: hazinuki, hazipai hewani, haziripuki kama spiriti. Hiyo ni sifa kwa mfanyakazi wa kiwandani na ni balaa kwa mhasibu. Kwa vile haipai, huwezi kuikereka ukaikusanya. Itabidi uyapaishe yale maji uliyomwaga na kuoshea. Ukitia tani tano za maji katika kazi ile, kuyapaisha kwa njia ya kawaida kunataka joto la megajuli 11,300 hivi. Lita 250 za ethanoli zote kwa pamoja zina megajuli 5,300. Yaani utachoma mafuta mara mbili ya yale uliyoyapata. Mitambo mizuri hutumia mvuke ule ule mara tatu au nne kwa sufuria zinazofuatana, na lignini iliyobaki huchomwa ikatoa joto lake, kwa hivyo hali si mbaya kama inavyoonekana kwenye mstari huo mmoja. Lakini mwenye kuuacha mstari huo nje ya karatasi yake amekuficha jambo. Ukipunguza maji ya kuoshea, chumvi hubaki ndani ya majani, nayo huwadhuru vimeng'enya na hamira. Na ikivuja nje, baadhi yake ni sumu kwa samaki na viumbe vya majini, jambo la kufikiriwa vizuri na nchi inayoishi kwa falaji.

Wataalamu wameyaona yote haya kabla yetu, na hapa ndipo penye habari njema. Wale wa California walitafuta chumvi isiyoidhuru hamira, ili kila kitu kifanyike ndani ya chungu kimoja bila ya kuosha. Waliipata kwa kuunganisha kolini na lisini, vitu viwili ambavyo hutiwa hata kwenye chakula cha kuku, na walipopitisha gesi ya kaboni ndani yake ukali ukashuka mpaka vimeng'enya na hamira vikavumilia. London, katika Chuo cha Imperial, kikundi cha Jason Hallett kilikwenda njia nyingine. Kilitengeneza chumvi kwa asidi ya salfa na kemikali ya bei nafuu iitwayo trietilamini, ambayo haiharibiki kwa maji kidogo, na badala ya kuyeyusha fito huondoa udongo na kamba, fito zikabaki. Mwaka 2014 walipiga hisabu kwamba chumvi hiyo, ikitengenezwa kwa wingi, itagharimu kama dola 1.24 kwa kilo.

Irudishe namba hiyo kwenye daftari letu. Kilo 50 zilizopotea sasa ni dola 62, sawa na senti 25 kwa lita. Bado ni nyingi. Lakini fundi akifikia kurejesha 99.9 kwa mia, inakuwa senti mbili na nusu, na hapo mtu anaweza kuanza kuzungumza biashara. Kutokana na kazi ile ya Imperial ilizaliwa kampuni ya Lixea, ambayo imejenga kiwanda cha majaribio Bäckhammar, Sweden. Hao nao hawategemei mafuta peke yake. Wanataka kuuza selulosi na lignini kama malighafi, na nadhani wana akili. Finland, Chuo Kikuu cha Aalto hutumia chumvi ya majimaji kusokota uzi wa nguo kutoka kwenye mbao, na mwaka 2018 mke wa Rais wa nchi hiyo alivaa gauni la uzi wa mti wa mbetula kwenye sherehe ya uhuru. Kilo ya uzi wa gauni inauzwa bei ambayo ethanoli haiwezi kuiota.

Kuna na funzo la viwanda vikubwa, ambavyo wala havikutumia chumvi hizi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 iliamuru zifike galoni bilioni 16 za mafuta ya selulosi ifikapo 2022. Kwa mwaka 2010 ilikuwa zipatikane galoni milioni 100. Serikali ikashusha mpaka milioni 6.5. Abengoa ilifungua kiwanda Hugoton, Kansas, Oktoba 2014, nacho kikasimama baada ya mwaka mmoja na kidogo. DuPont ilifungua chake Nevada, jimbo la Iowa, Oktoba 2015, cha galoni milioni 30 kwa mwaka, na 2018 kikauzwa kwa Verbio ya Ujerumani, ambayo ikakigeuza kutengeneza gesi kwa mabua. Hizo ni kampuni zenye mainjinia na mifuko mirefu. Kilichowashinda hakikuwa kemia ya kwenye chupa. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kukusanya mabua, kuyasafirisha, mchanga uliomo ndani yake unaokwaruza mitambo, na bei ya petroli iliyoporomoka.

Basi tuipige hisabu ya Oman. Tuseme mitende milioni nane, na kila mmoja utoe kilo 15 za makuti makavu kwa mwaka yakipogolewa. Ni tani 120,000. Kwa lita 250 kila tani ni lita milioni 30. Kiwanda kile kimoja cha Iowa kilijengwa kutoa lita milioni 113 hivi. Maana yake makuti yote ya nchi, kutoka Batina mpaka Sharqiya, kila bustani na kila uwa, yakikusanywa bila ya kubaki hata moja, yangeshibisha robo tu ya kiwanda kimoja. Na nani atayakusanya, kutoka vijiji vya milimani ambako gari hupanda kwa taabu?

Kwa hivyo atakayekuletea karatasi ya kutia akiba yako, usimuulize kama chumvi inayeyusha makuti. Inayeyusha. Muulize amerejesha kiasi gani cha chumvi, kwa mizunguko mingapi mfululizo ya chumvi ile ile, na ndani ya chombo cha ukubwa gani, maana chupa ya nusu lita na tangi la lita elfu ni dunia mbili. Muulize maji anayapaisha kwa moto wa nini. Muulize makuti yatatoka umbali gani na nani analipa lori. Kisha mwambie akupe majibu hayo kwa maandishi, yenye tarehe na jina la aliyepima. Picha ya mtende wakati wa machweo si jibu.

Na ikiwa mtu anataka ethanoli ya mtende kwa haraka, tende mbovu zisizouzika ni zaidi ya nusu yake sukari iliyokwisha kuwa huru, tayari kwa hamira, bila ya kuvu wa Solomon wala chumvi ya aina yoyote. Lakini tende hizo kwa sasa zina mlaji wake, naye ni mbuzi, na mwenye mbuzi hakubali kuzitoa bure.